Kulipwa kwa Kutazama

Ubao wa kijiwe umelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi. Nyuma kuna ukuta wa kuegemea, na juu kuna bati linalotoa kivuli kinachoishia magotini, kwa hiyo anayekaa pale miguu humuungua na kichwa kikabaki na ubaridi wa kutosha kubishana. Muuza kahawa huweka birika lake kwenye ncha ya ubao, upande wa barabara, na vikombe ndani ya ndoo. Wateja wake wa kudumu ni watatu. Keshia alihesabu fedha za watu benki mpaka alipostaafu, na hadi leo akisalimiana na mtu humtazama mikono kabla ya uso. Spea huuza vipuri vya magari mtaa wa pili, ingawa duka lake hulindwa na kufuli zaidi kuliko na yeye. Mzee Rufaa alishindwa kesi ya mpaka wa kiwanja, na tangu hapo hajakubali hukumu ya mtu yeyote, awe hakimu, refa au daktari. Wa nne ni kinyozi mwenyewe, ambaye hukaa akikosa kichwa cha kunyoa. Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi, mashine zake zikalala kimya, naye akatoka nje na kitu kwenye mfuko wa shati, amenuna.

Hakununa kwa ajili ya umeme. Alikuwa ametoka dukani kwa mnunuzi wa sarafu, kwenye meza ya kioo ambako mteja husimama na mwenye duka hukaa.

— Hakuigusa, akasema. Hakuifungua. Kaitazama kama mtu anavyotazama gari la jirani, kisha kaniuliza, ina namba?

Keshia akataka kujua namba ya nini, na kinyozi akalazimika kuanzia mwanzo, kwa sababu pale kijiweni hakuna aliyejua kwamba wiki zote hizo alizokuwa akifunga kibanda mapema alikuwa akienda kusoma.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mama mkwe wake. Tangu amwoe binti yake, mama huyo hakuwahi kumkabidhi kitu kinachozidi mwavuli, na huo mwavuli aliuulizia kesho yake. Anaye mtoto wa kiume, shemeji yake kinyozi, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na mambo mazito yote ya nyumba ile hupita mikononi mwa huyo. Lakini shemeji alipoanza kusema sarafu moja aliyoihifadhi mama iuzwe kabla haijapotea, mama akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliifunga kwenye leso, akampelekea kinyozi. Akamwambia ana mikono ya taratibu. Ajifunze kitu hiki ni kitu gani, kisha amwambie bila kuficha kama kuipeleka ikapimwe daraja kuna faida, au ni wizi uliovaa miwani. Leo alasiri atapita kuchukua jibu na sarafu yake.

Kwa hiyo kinyozi alijifunza. Aliangalia masomo kwenye simu, akanunua lenzi ya mkono, akasoma; habari za kupimwa aliziacha aziulize dukani. Kosa lake la kwanza lilikuwa la kila anayeanza: alidhani prufu ni jina la sarafu iliyo bora. Kumbe ni namna ya kutengenezwa. Muhuri unaogonga picha husuguliwa mpaka ukawa kioo, kipande cha madini nacho husuguliwa, kisha hugongwa zaidi ya mara moja, ndipo uso wa sarafu ukatoka unaakisi na picha ikabaki nyeupe kama pumzi kwenye kioo cha asubuhi. Prufu inaweza kuwa mbovu. Ikishikwa na kidole, alama hubaki. Ikifutwa, hata kwa pamba, hupata mikwaruzo myembamba isiyoonekana mpaka uigeuze kwenye mwanga. Yeye aliigeuza kila jioni, kama anavyozungusha kichwa cha mteja kutafuta nywele iliyomkimbia. Hakuona mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa safi, na usafi huo ndio alioupeleka dukani asubuhi ile akitembea kama mtu aliyebeba yai.

— Basi nikamuuliza namba ipi. Kaniambia, huko wanakopima, wanaifunga kwenye kasha la plastiki na kuipa namba, mwisho sabini. Nikasema hii si itapata sabini. Kacheka. Kasema za namna hii karibu zote hupata sitini na tisa.

— Si nzuri hiyo? akauliza Spea.

— Sitini na tisa bei yake inakaribiana na isiyopimwa kabisa. Inayolipa ni sabini. Na ada unatoa kabla, upate sabini usipate, uongeze na ya posta kwenda na kurudi, na ya bima.

Kila mtu akapiga hesabu yake.

— Kwa hiyo sitini na tisa kati ya sabini ni kufeli, akasema kinyozi. Mwanangu akiniletea hiyo namchinjia kuku.

Mzee Rufaa akaweka kikombe chini. Alitaka kujua jambo moja tu: ukishapewa sitini na tisa na hukuridhika, unakwenda kwa nani? Kinyozi akamjibu kwamba unaruhusiwa kuirudisha kwa walewale, ikatazamwe upya, kwa ada nyingine. Mzee Rufaa alikaa na jibu hilo mdomoni kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali.

— Hakimu anayelipwa na mshtakiwa, akasema hatimaye. Kila akihukumu. Na akihukumu vibaya, analipwa tena. Mimi nimekaa mahakamani miaka, hilo sijaliona. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Keshia akamwambia methali hiyo husemwa kwa mvivu. Mzee Rufaa akauliza hao wapimaji wanafanya kazi gani basi. Wanalima? Wanabeba? Wanakaa kwenye kiti cha kuzunguka, wanatazama. Watu wanalipwa kwa kutazama. Yeye ametazama barabara hii tangu ikiwa ya vumbi, mpaka ikatiwa lami, mpaka lami ikaisha, na hajaona hata kikombe cha bure.

Muuza kahawa, aliyejua anasemwa nani, akaangalia upande mwingine.

Wakaingia kwenye sabini. Kwa nini sabini? Keshia alilichukua swali hilo kwa uzito wa mtaalamu. Mia, alisema, kila mtu anaielewa. Ukimwambia mtu kapata tisini kati ya mia anajua alipo. Ndiyo maana haitumiki. Benki nako, makato yote yaliwekwa kwenye namba zisizogawanyika vizuri, mteja akijaribu kuhesabu anachoka anaacha. Spea akasema si hivyo. Ilikuwa mia, na hiyo thelathini iliyopungua ndiyo wanayokula wao. Mzee Rufaa akasema wote wawili hawajui: sabini ni umri. Mtu akifika hapo hahesabiwi tena, anatunzwa tu. Hao wapimaji wanaipa sarafu miaka, na ikitimiza wanaizika hai ndani ya plastiki.

— Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akaongeza. Ukiipa sabini, itaanza kuharibika.

— Sarafu haijui kama imesifiwa, mzee, akasema kinyozi.

— Wewe umeiuliza?

Spea alikuwa na nadharia nzito zaidi, na aliitoa kwa sauti ya chini, akisogea. Kasha la plastiki likifungwa halifunguki bila kuvunjika, sivyo? Sivyo, kinyozi akakubali, yaani ndivyo. Na ukilivunja, namba inakufa? Inakufa. Basi mchezo uko hapo. Unatuma sarafu yako safi, inarudi nyingine, na huwezi kuikagua kwa sababu ukiikagua umeiua.

— Boksi orijino, ndani feki. Biashara hiyo nimeifanya... nimeiona, nasema nimeiona. Chema chajiuza, kibaya chatiwa boksi.

Akaenda mbali zaidi. Alisema huenda sarafu yenye sabini ni moja tu duniani, inazungushwa, inapigwa picha, kila tajiri anaonyeshwa kwa zamu, na zilizobaki ndani ya makasha yote hayo ni vifuniko vya chupa vilivyopigwa rangi. Mzee Rufaa akasema hata hiyo moja haipo, ipo picha tu.

Kinyozi aliwasikiliza akizidi kuchemka, na hasira zao zilimsaidia. Alipotoka dukani alijiona mjinga aliyebeba kitu kisicho na maana. Sasa alijiona mjinga pamoja na wenzake, na huo ni mzigo mwepesi.

Keshia peke yake ndiye hakuwa akifanya mzaha tena. Aliuliza kama ni kweli kidole cha mtu kinaiharibu. Kinyozi akasema ni kweli, kuna mafuta kwenye ngozi, na yakikaa yanakula uso wa sarafu. Keshia akaviangalia vidole vyake, vilivyopinda kidogo kwenye ncha.

— Hivi vimeshika fedha za mji mzima, akasema. Usiku mke wangu alikuwa anasema vinanuka shaba. Fedha ni kitu cha kushikwa. Leo naambiwa fedha safi ni ile ambayo haijaguswa na mtu. Haijanunua dawa, haijanunua daftari, haijafanya kazi yoyote. Imekaa. Ndiyo yenye thamani. Sasa sisi tulioshika tumekuwa uchafu?

Kisha akanyoosha mkono.

— Toa tuione hiyo malkia.

Kinyozi akakataa. Wakamsihi. Akasema wataiona ndani ya kibweta chake cha plastiki, hivyohivyo. Spea akasema plastiki hiyo ina ukungu, na kwani tofauti yao na yule wa dukani ni nini ikiwa nao hawatafungua? Neno hilo lilimwingia. Asubuhi alikuwa amevuka mji kutafuta mtu mmoja aone alichokuwa akikiona yeye kila jioni, akapewa swali la namba. Hapa walikuwepo watu watatu wanaotaka kuona, bure.

Akaweka masharti. Hakuna kugusa. Hakuna kuinamia na kikombe mkononi. Hakuna kusema kinywa kikiwa kimeielekea, kwa sababu tone la mate likikauka linabaki doa. Wakakubali yote haraka, kama watu wanavyokubali masharti ya mkopo. Aliingia ndani akanawa mikono, akatoka na taulo safi, akalitandaza mapajani. Akafungua kibweta. Akaishika sarafu kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, akaielekeza mahali jua lilipokata kivuli cha bati.

Vichwa vitatu vikainama kwa pamoja. Uso wa sarafu ulikuwa kioo, na Spea akaliona ndani yake jino lake lililovunjika. Picha nyeupe ilielea katikati kana kwamba haikushikamana na kitu.

— Sasa, akasema Keshia kwa sauti ya kunong'ona, nipe niidondoshe kidogo kwenye tofali.

— Nini?

— Mara moja tu. Nisikie mlio. Feki nilikuwa naijua kwa mlio, wala sikuwa nainua macho.

Kinyozi akaivuta kifuani. Spea alikuwa ameshatoa funguo za duka mfukoni; alisema mkwaruzo mdogo wa pembeni, usioonekana, ungetosha kujua ni fedha kweli au bati lililochovywa, ndivyo wanavyofanya kwenye vichwa vya betri za magari. Mzee Rufaa akasema hao wote hawana ustaarabu, na akauliza kwa upole kama angeweza kuing'ata.

Ndipo kinyozi akawaka. Hakupiga kelele, alizungumza kama anavyozungumza na mtoto anayetikisa kichwa wembe ukiwa shingoni. Aliwaambia kwamba mchana kutwa wamewatukana watu wanaolipwa kwa kutazama, na sasa anaelewa kwa nini wanalipwa. Kwamba kutazama tu, bila kudondosha, bila kukwaruza, bila kuuma, kumbe ni kazi, na pale ubaoni hakuna anayeiweza. Kwamba kitu hiki si chake, ni cha mama mkwe wake, na mama huyo hakumpa mwanawe wa kumzaa, kampa yeye.

— Umeanza kuwatetea, akasema Mzee Rufaa.

— Simtetei mtu.

— Unawatetea. Asubuhi walikuwa wezi, sasa wamekuwa waheshimiwa. Hiyo ni kupindua hukumu, na kupindua hukumu kuna taratibu zake.

Na hapo, katika neno hilo la taratibu, kwa kuwa Mzee Rufaa alikuwa ameinama na ametoka kunywa, tone dogo la kahawa liliruka likatua juu ya sarafu. Wote waliliona. Lilitua kwenye ile sehemu ya kioo, juu ya picha, duara kamili la rangi ya kahawia.

Kinyozi alijua la kufanya. Alikuwa amelisoma, amelirudia, angeweza kulifundisha. Usifute. Usiguse. Peleka ndani, chukua maji yaliyochujwa, mwagia taratibu, liache lichukuliwe na maji. Alijua yote hayo. Lakini kwenye mfuko wa shati lake, mahali inapokaa kila siku, ilikuwepo brashi ya shingo, na mkono wa kinyozi unapoona kitu kimeangukia mahali safi haumwulizi mwenyewe. Brashi ilitoka, ikapita mara mbili, kutoka juu kwenda chini, kwa ule mkato wa haraka wa kumwambia mteja kwamba tumemaliza, simama ulipe. Ilikuwa brashi ya siku nzima ya jana. Ilikuwa na poda, na ndani ya poda vinyweleo vilivyokatwa.

Tone likaondoka.

Kinyozi aliigeuza sarafu kwenye jua, kidogo kushoto, kidogo kulia. Kisha akairudisha kwenye kibweta na kukifunga, akakaa amekishika.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Rufaa, na kwa kuwa kosa lilianzia kinywani mwake alikuwa mwepesi wa kutetea. Alisema yeye hakuona mkwaruzo wowote, na asiyeuona mkwaruzo hawezi kuushuhudia. Spea akasema inayo dawa, ile ya kung'arishia taa za gari zilizopauka. Ipakwe kidogo, isuguliwe, kisha mama apewe sarafu inayong'aa kuliko ilivyokuja. Keshia alimtazama Spea kwa muda mrefu. Yeye ushauri wake ulikuwa mfupi. Ifungwe kwenye leso yake, irudishwe, na jibu liwe kwamba kupima hakuna faida. Jibu hilo si ni la kweli?

— Ni kweli, akasema kinyozi.

— Basi umesema kweli. Mengine hukuulizwa.

Wakaafikiana, kitu ambacho kijiwe kile hakikuwahi kufanya kwa kauli moja. Walikuwa bado wanaafikiana alipotokea mama mkwe kwenye kona, anatembea karibu na ukuta, mkono mmoja ukipapasa njia. Kinyozi akasimama akamfuata. Wengine wakasimama pia, wakamwamkia, akawaitikia mmoja mmoja, akakalishwa mahali pa Spea penye kivuli. Muuza kahawa akampa kikombe, na kwa macho akawaonya wengine wasimsogelee.

Aliuliza jibu lake. Kinyozi akampa, amesimama, mikono nyuma. Akamweleza prufu ni nini, namba ni nini, kwamba sarafu ya namna ile ingepata sitini na tisa na kurudi nyumbani na bei ileile, ikiwa imeacha ada njiani. Kwamba wa kupata faida ni yule mwenye nyingi anayezipeleka zote akibahatisha moja ipate sabini, au yule anayeuza kasha la plastiki. Si mwenye moja.

— Nilijua, akasema mama mkwe. Mwanangu nitamwambia afunge mdomo. Umefanya vizuri, baba. Wengine wangekuja na hadithi.

Kinyozi akasema asante, akabaki amesimama. Keshia alikuwa anamtazama kwa nguvu: yamekwisha hapo, kaa.

Mama mkwe alikunywa kahawa, akashusha kikombe.

— Na dirisha umeliona?

Kinyozi akauliza dirisha lipi.

— Langu. Kwenye jengo.

Akawaeleza wote, kwa kuwa wote walikuwa wamemkodolea macho. Picha ile ni ya jengo la simu, lililotengenezewa sarafu ya ukumbusho wakati wa kuadhimisha miaka yake. Yeye alikuwa akiunganisha simu ghorofa ya juu, na vifaa vya sikioni kichwani, waya huu kwenye tundu hili, mchana kutwa. Madirisha yalikuwa hayafunguliwi kwa amri, vumbi lilikuwa linaua mitambo. Mchoraji wa sarafu alikuja akakaa ng'ambo ya barabara siku ya joto, na yeye alikuwa mjamzito, wa binti huyu aliyeolewa na kinyozi, na pumzi ilikuwa haimtoshi. Akalifungua la kwake. Msimamizi akamjia juu mbele ya wenzake, akamfokea, akalifunga kwa mkono wake. Mwaka uliofuata sarafu zikatoka. Madirisha yote yamefungwa, moja liko wazi.

— Msimamizi alikwenda mpaka kwa wakubwa, akasema mama mkwe. Anataka lirekebishwe. Wakamwambia muhuri umekwisha kuchongwa. Nikanunua moja. Nilikuwa namwonyesha binti yangu akiwa mdogo, hapa ndipo ulipokuwa. Sasa macho yangu haya yana wingu, silioni tena. Mwanangu nikimuuliza ananiambia mama ni nyumba tu. Lipo bado?

Aliuliza akigeuza uso upande wa ubao, kwa wote. Spea akatazama funguo zake. Keshia akakohoa. Kila mmoja aliona kioo, na kila mmoja alijiona ndani ya kioo; jengo hawakuliona. Kinyozi alikuwa ameikagua picha ile nukta kwa nukta, wiki baada ya wiki, akitafuta pale ambapo weupe umekatika. Angeweza kusema haina dosari. Hakujua kwamba ilikuwa na madirisha.

Akafungua kibweta. Akatoa lenzi, akainama kwenye mwanga. Ilimchukua muda, kwa sababu jicho lake lilikuwa linakimbilia pale lilipozoea kukimbilia. Akalilazimisha kurudi ukutani, ghorofa kwa ghorofa. Madirisha yalikuwa madogo kama punje za mchanga. La mwisho, pembeni kabisa, kibao chake kilikuwa kimesukumwa nje, na ndani yake palikuwa na giza. Na kutoka angani juu ya paa mistari ilikuwa inashuka, myembamba, sambamba, inapita juu ya ukuta na juu ya dirisha, imelala upande mmoja kama nywele zinavyolala baada ya kupigwa brashi.

— Lipo, mama, akasema. Ghorofa ya juu, pembeni.

Keshia akashusha pumzi mapema mno.

— Lakini nimeiharibu. Sasa hivi, kabla hujafika. Iliangukiwa na tone, nikaifuta. Imekwaruzika. Hata hiyo sitini na tisa haipati tena.

— Umeifuta na nini?

— Brashi ya shingo.

— Ya shingo za watu?

— Ndiyo, mama.

Mzee Rufaa akafungua kinywa kusema tone lilikuwa lake, na hapakuwa na shahidi, na kwamba mazingira yote lazima yazingatiwe. Mama mkwe akanyanyua kiganja kidogo tu, na kinywa kikafungwa. Hasira ilimpanda usoni, wakaiona, na kinyozi akaisubiri. Alikuwa tayari kwa lolote, hata kurudishiwa cheo chake cha mtu wa mwavuli.

— Limefungika? akauliza.

— Nini, mama?

— Dirisha. Hiyo brashi yako imelifunga?

Kinyozi akainama tena na lenzi, kwa uangalifu kuliko alivyowahi kuinama, kwa sababu hili halikuwa swali la kukisia.

— Hapana. Liko wazi.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Kinyozi akamwekea sarafu kiganjani, na kabla hajasema ukingo, yeye akawa amekwisha kuifumbata. Akaipitisha kidole gumba juu ya uso wake wote, polepole, akipapasa kwenye ile pembe ya juu. Keshia aliufuata mwendo wa kidole kile hadi mwisho. Spea akasogea kwenye jua bila kujua amesogea.

— Mmekuwa hapa nayo tangu saa ngapi? akauliza mama mkwe.

Muuza kahawa ndiye aliyejibu kwamba tangu kahawa ya kwanza.

— Wote hawa?

— Wote, mama.

Akauelekeza uso wake kwenye ubao, mahali zilipokuwa zikitoka pumzi zao.

— Sasa muda wote huo mlikuwa mnatazama nini?

Halikuwa swali la kuwasuta. Alitaka kujua kweli. Akangoja jibu, sarafu mkononi, kichwa kimeinama kidogo upande wa sikio, kwa subira ya mtu aliyezoea kushika waya huku wa upande wa pili akitafutwa. Aliwapa nafasi ya kutosha. Upande wa pili hakuna aliyepokea.